Kimya cha Mwanafunzi: Funzo Kutoka kwa Wajifunzao Kihispania Ugenini

Mwalimu mwanachuo aendaye kufanya mazoezi katika shule ya msingi iliyo mbali na barabara kuu, iwe Mkalama, Ikungi au Iramba, hakosi kumkuta mtoto wa Darasa la Kwanza ambaye hasemi. Akiitwa jina huinamisha kichwa. Akiulizwa swali hutazama dirishani. Hazipiti wiki tatu kabla mwalimu hajampatia neno la kumweleza, na neno lenyewe aghalabu ni "mzito". Sisi tunashikilia kwamba kwa walio wengi katika watoto hao neno hilo ni la uongo, na kwamba madhara yake hudumu kuliko ya fimbo, maana mtoto akishaandikwa mzito katika fikra za mwalimu huachwa nyuma ya darasa hadi mwisho wa mwaka. Ili kulithibitisha jambo hili tunamwomba msomaji avuke nasi bahari hadi Cuba, akamtazame mtu mzima, tena msomi aliyechaguliwa kwa alama zake nzuri, akiwa katika hali ile ile ya mtoto wetu.

Hatukuichagua Cuba kwa kubahatisha. Mwalimu Nyerere alizuru nchi ile mwaka 1974, naye Fidel Castro akaja Tanzania mwaka 1977, na tangu enzi hizo wako Watanzania waliokwenda kusoma huko, hasa udaktari. Tena, Kihispania ni lugha ambayo kijana wa Kitanzania haisikii popote kabla ya safari. Katika Afrika nzima ni dola moja tu, Guinea ya Ikweta, iliyokifanya lugha rasmi ya nchi. Kiingereza kijana huyu amekisikia redioni tangu utotoni na kukisoma miaka mingi. Kihispania anakianza kutoka sifuri, kama vile mtoto wa mfugaji aanzavyo Kiswahili. Ndiyo sababu mgeni asiyejua lugha hiyo hupewa kwanza mwaka wa maandalizi, asome lugha kabla ya kuikabili anatomia.

Mwanzo wake ni wa furaha, na hapa yafaa tukae kidogo, kwa kuwa ndipo penye mtego wenyewe. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa karibu sawa kabisa na zetu. Maneno mengi huishia kwa irabu, na mkazo wa sauti huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo katika Kiswahili. Kijana akishaambiwa kwamba herufi h haitamkwi, kwamba j ni kama kh nzito, kwamba ll husomwa y, kwamba v hutoka kama b na kwamba ñ ni ile ny ya nyumba, hana tena kizuizi. Siku ya tatu anaweza kulishika gazeti la Granma akasoma ukurasa mzima kwa sauti, mwalimu wake Mcuba akatikisa kichwa kwa kuridhika, na wenzake waliotoka nchi nyingine wakamwonea kijicho. Kumbe hajaelewa hata sentensi moja. Amesoma sauti tupu. Anaandika barua nyumbani kwamba lugha hii ni nyepesi mno na kwamba baada ya miezi miwili atakuwa ameimaliza.

Sasa turudi darasani kwetu. Maandishi ya Kiswahili yana sifa ile ile ya uwazi: kila herufi ina sauti yake, na anayezijua herufi anaweza kutamka neno asilolijua. Sifa hii ni neema kubwa kwa mwalimu wa kusoma, na wenzetu wafundishao watoto kusoma Kiingereza wangetoa mengi kuipata. Lakini neema hiyo ina uficho ndani yake. Mtoto wa Kinyaturu au wa Kibarabaig aweza kuimba ba, be, bi, bo, bu, kisha akapanda kwenye maneno, kisha kwenye aya nzima ya kitabu, na sauti yake ikawa safi kama ya mtoto wa Tanga, ilhali habari iliyomo haijamfikia. Anayekagua darasa husimama mlangoni, akasikia kelele za kusoma, akaandika kwamba hali ni nzuri. Katika upimaji wa KKK wa Darasa la Pili mtoto huyo atapita vizuri panapotakiwa kutamka, kisha ataanguka panapotakiwa kueleza alichosoma, na mwalimu atashangaa: "Lakini huyu si anajua kusoma?" Kwa hiyo tunasema kwamba mwalimu asiyeuliza maana ya kilichosomwa hajasomesha bado, hata kama darasa lake linasikika hadi barabarani.

Kushuka kwa kwanza kwa yule kijana wa Havana huja anapotoka nje ya darasa. Wacuba wa mitaani huimeza s iliyo mwishoni mwa silabi. Pale kitabu kiandikapo más o menos, yeye husikia "ma o meno". Basi la abiria analolijua kwa jina la kitabu, autobús, hapo huitwa guagua. Muuza matunda husema maneno kumi kwa pumzi moja. Yule aliyesoma gazeti zima kwa ufasaha sasa hawezi kununua embe bila kunyoosha kidole. Hata maneno yanayofanana na yetu humcheka: baba ya Kihispania ni udenda, pera si tunda lile la mapera, na papa wa Cuba hupikwa sahanini, kwa kuwa ni kiazi. Jioni kichwa humuuma kwa kusikiliza tu. Hapo ndipo anaponyamaza. Darasani hukaa nyuma, akiulizwa hutabasamu, na mcheshi wa jana anaonekana mpumbavu wa leo.

Wataalamu wa ujifunzaji wa lugha wamekiandika kipindi hiki tangu miaka ya 1980 na kukiita kipindi cha kimya. Mwanafunzi huwa anasikiliza, anakusanya, anapanga. Kazi kubwa inafanyika ndani ilhali nje hapaonekani kitu. Kipindi hicho huweza kuchukua wiki, au miezi. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard wa Norway alieleza jambo linalofanana na hilo kuhusu wasomi wa nchi yake waliokwenda Marekani: waliokaa muda mfupi sana na waliokaa muda mrefu walikuwa na nafuu, bali waliokuwa kati, baina ya mwezi wa sita na wa kumi na nane, ndio waliotaabika zaidi. Mwalimu anayetarajia kwamba ujuzi utapanda kila juma kama maji yanavyojaa ndooni hataielewa hali hiyo, na ataiita uvivu.

Mkoa wetu una sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Katika eneo hili la Singida na majirani zake, Dodoma na Manyara, hukutana lugha za asili tofauti kabisa: Kinyaturu, Kinyiramba na Kiisanzu ambazo ni za Kibantu, Kibarabaig ambacho ni cha Kinailoti, Kiiraki ambacho ni cha Kikushi, Kisandawe na Kihadzabe zenye sauti za kudonoa ulimi, ambazo hazina undugu unaokubaliwa na wote na lugha nyingine yoyote. Mtoto wa Kinyaturu anakuja shuleni na irabu saba ilhali Kiswahili kina tano tu. Anazo sauti zaidi ya zinazohitajika, wala hakuna anayemsifu kwa hilo. Utaratibu wa ngeli anaujua tayari kutoka kwao. Mtoto wa Kihadzabe wa Mkalama hana daraja la namna hiyo, kwa hiyo safari yake ni ndefu zaidi, na mwalimu anayewapima wote wawili kwa kipimo kimoja mwezi wa tatu amewadhulumu. Hata kuchanganya r na l, kosa lililochapiwa watoto wengi, lina historia yake: kabila moja limeandikwa vitabuni Iramba, Nilamba na Nilyamba, na walioandika hivyo walikuwa wasomi. Kwa nini basi mtoto wa miaka sita aadhibiwe kwa jambo lililowashinda?

Turudi Cuba, tuone kinachomtoa kijana wetu shimoni. Tunadai kwamba msaada wake mkubwa ni lugha aliyokuja nayo. Mfano mmoja utatosha kwa wapendao sarufi. Mhispania akitaka kusema "nataka uje" hasemi kitenzi kwa umbo la kawaida, vienes. Hukibadili kuwa vengas, quiero que vengas. Mwanafunzi Mwingereza hutoa jasho miezi mingi kwa jambo hilo. Sisi tunalo tangu titi la mama: hatusemi "nataka unakuja", twasema "nataka uje", na ile e ya mwishoni inafanya kazi karibu ile ile. Kadhalika Kihispania kina vitenzi viwili vya kuwa, ser na estar, ambavyo huwatesa wageni. Mswahili anayekumbuka kwamba kwake "ni mwalimu" ni kitu kimoja na "yuko Singida" ni kingine ameshashika mlango, ingawa bado atajikwaa, kwa maana es aburrido ni mtu wa kuchosha, na está aburrido ni mtu aliyechoshwa. Anayekosea hapo aweza kumtukana mwenyeji wake bila kujua. Yako na maneno ya ukoo: hasta yao na hata yetu zote mbili zatoka katika Kiarabu, na ndivyo azúcar na sukari, aceituna na zeituni. Mesa tunaijua, kwani Wareno walituachia meza. Kijana akigundua mambo haya moyo humrudi. Lakini huyagundua pale tu anaporuhusiwa kuifikiri lugha yake kwa uwazi, bila aibu.

Hapo tunafika penye shutuma yetu. Kuna shule ambazo mpaka leo hii mtoto aliyenaswa akisema lugha ya kwao huvishwa kipande cha ubao shingoni, kisha naye akamtafute mwenzake wa kumkabidhi. Wanaotetea desturi hiyo husema wanakilinda Kiswahili. Sisi tu wapenzi wa Kiswahili kama wao. Hatuna haja kwamba lugha ya shule ibadilishwe, na uamuzi wa kuifanya lugha ya kufundishia katika shule za msingi, ulioimarishwa baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, ni moja ya hazina za taifa hili. Tunachokataa ni imani kwamba kila mtoto anafika mlangoni akiwa nacho, na kwamba asiye nacho amefika na kosa. Kisiwa cha Isla de la Juventud, ambacho hadi mwaka 1978 kiliitwa Isla de Pinos, kilipokea maelfu ya watoto na vijana kutoka Angola, Msumbiji, Ethiopia, Namibia na kwingineko, waliosoma nusu siku na kufanya kazi nusu siku katika mashamba ya machungwa. Mpango huo hautamshangaza mtu aliyesoma Tanzania katika miaka ile. Waliingia kwa Kihispania, hilo halikuwa na mjadala. Lakini waliletwa pia walimu kutoka nchi za watoto wenyewe, wawafundishe lugha na historia ya kwao. Wenyeji wao walitambua kwamba mtoto anayenyang'anywa ulimi wa kwao hapati mwingine kwa haraka zaidi.

Kushuka kwa pili huwashangaza walimu kuliko kule kwa kwanza. Baada ya miezi kadhaa kijana ameanza kusema, tena vizuri. Anasema puse, yaani "niliweka", kama alivyosikia. Kisha siku moja anaanza kusema "poní", umbo ambalo halimo katika lugha ile. Je, amesahau? Hasha. Amegundua kanuni ya vitenzi na anaitumia kila mahali, hata pasipostahili. Baada ya muda puse itarudi, na safari hii itakaa. Mtoto wetu hufanya vivyo hivyo. Mwezi wa nne alisema "kijana huyu amekuja" kwa kukariri. Mwezi wa nane anasema "kijana hiki kimekuja", na mwalimu anashika kichwa. Angemshika mkono! Mtoto ameona kwamba ki- ya kijana ni sawa na ki- ya kitabu na ya kiti, na ameunda kauli yake mwenyewe ambayo hakufundishwa na mtu. Yule wa "kijana huyu" alikuwa kasuku. Huyu wa "kijana hiki" anafikiri. Mwalimu aliyefunzwa hujibu tu, "Ahaa, kijana huyu amekuja? Amekuja na nani?" na mazungumzo yakaendelea. Sura iliyo sahihi imesikika, naye mtoto hakuvunjwa.

Kuhusu hatua ya tatu tutasema kwa ufupi, ingawa ndiyo ndefu kuliko zote. Kijana wa Havana sasa anapanda guagua bila wasiwasi, anatania, anacheza domino na majirani. Kisha anaketi katika muhadhara wa fiziolojia na hafuati kitu. Mwaka 1979 Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, alitenganisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Utafiti juu ya watoto wa wahamiaji ulionyesha kwamba ya kwanza hupatikana kwa kiasi cha miaka miwili, na ya pili huhitaji mitano au zaidi. Mwalimu anayesema "huyu Kiswahili anakijua, namsikia uwanjani, basi kufeli Sayansi ni ukaidi" na alikumbuke jambo hilo. Lugha ya kuombea mpira na lugha ya kueleza jinsi mvuke unavyogeuka maji ni mbili.

Wala tusidhani kwamba safari ikifanikiwa haina gharama. Mwezi Aprili 1965 Ernesto Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kundi la Wacuba kwenda mashariki ya Kongo. Walijipa majina kwa tarakimu za Kiswahili. Víctor Dreke alikuwa Moja, naye Guevara akawa Tatu. Kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, akafanywa mwalimu wake wa Kiswahili na mkalimani. Baada ya vita kushindwa kijana huyo alipelekwa Cuba, akajifunza Kihispania, akasoma kwa lugha hiyo hadi akawa daktari, akaishi huko miaka kama 40. Kwa mtazamo wa mwalimu huo ni ushindi mkubwa. Lakini miongo kadhaa ilipita bila yeye na jamaa zake wa Bukavu kupata habari za wenzao. Tunakitaja kisa hiki kwa sababu mtoto anayehama kutoka lugha ya nyumbani kwenda lugha ya shule huanza, kwa kipimo chake kidogo, safari ya aina hiyo, na bibi yake anayebaki na Kinyaturu peke yake huliona jambo hilo kabla yetu. (Mkondo nao umeanza kurudi upande wa pili: Novemba 2024 kongamano la kimataifa la Kiswahili lilifanyika Havana kwenyewe, na Mcuba anayekianza Kiswahili atakuwa na zamu yake ya kunyamaza mbele ya ngeli zetu.)

Tunajua tutakavyojibiwa. Darasa lina watoto 90, kitabu kimoja kwa watoto kadhaa, na mwalimu mmoja. Nani ana nafasi ya kusikiliza kimya cha mtoto mmoja? Hoja hiyo ni ya kweli, na anayeidharau hajawahi kusimama mbele ya darasa la namna hiyo. Hata hivyo tulinganishe. Yule msomi wa Cuba ni mtu mzima. Anayo kamusi, anajua kwa nini amekwenda, na amepewa mwaka mzima asiulizwe lolote ila lugha. Mtoto wa miaka sita hana kamusi, hajui kwa nini ameletwa, na siku ya kwanza anakabidhiwa lugha, hesabu na kusoma kwa pamoja, vyote kwa maneno asiyoyajua. Tukimpa mkubwa mwaka, mdogo tumempa nini?

Yako yanayowezekana hata katika darasa la watoto 90. Katika muhula wa kwanza nusu ya maswali yaulizwe kwa namna ya kujibiwa kwa kitendo: leta kijiti, simama nyuma ya rafiki yako, onyesha kikubwa. Mtoto asiyesema ataonyesha anachoelewa, na mara nyingi mwalimu atashangaa. Mtoto mwenye lugha zote mbili akae na asiye na Kiswahili, wanong'onezane kwa Kinyiramba wakitaka, kwa kuwa mnong'ono huo ni mafundisho yanayotolewa bure. Kila kilichosomwa kwa sauti kiulizwe maana, hata kwa swali moja. Na mtoto akijibu kwa lugha ya kwao, jibu lake lihesabiwe, kisha lisemwe tena kwa Kiswahili mbele ya wote. Mwalimu asiyeijua lugha ya kijiji, na wengi wenu mtapangiwa vijiji msivyovijua, ajifunze maneno 50 kwa wanafunzi wake mwenyewe. Watacheka matamshi yake. Aache wacheke.

Tena awe na daftari dogo. Mwezi wa kwanza aandike humo majina ya watoto wasiosema, na kila mwisho wa mwezi aandike mbele ya kila jina neno au kauli mpya aliyoisikia kwake, likiwemo kosa jipya. Neno "mzito" lisiingie katika daftari hilo kabla ya mwezi wa kumi. Ikiwa ifikapo Oktoba mbele ya jina fulani bado hapana kitu, hata kosa, hapo mwalimu ana sababu ya kumwita mzazi, kuyapima masikio ya mtoto na kuuliza yanayompata nyumbani.